Uzi wa Upande Mmoja

Sebuleni kwa marehemu Ebo Egyir, mjini Sekondi, kuna kiyoyozi ambacho hakijapata kumpoza mgeni hata mmoja. Mchungaji amekaa chini yake akijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Wakwe wamekaa, wakaondoka shingo zimelowa. Kiyoyozi kile kilinunuliwa kwa ajili ya vitambaa, na mpaka leo ni cha vitambaa.

Ebo alikuwa wakala wa forodha, na kazi yake ilikuwa nguo. Kila jora liingialo bandarini lazima lipewe kundi lake katika kitabu cha ushuru, na huwezi kulipatia kundi kama hujui limefumwa kwa uzi gani na lina uzito gani. Sasa, kitambaa chenye pamba hunywa unyevu wa hewa. Ukikipima siku ya mvua, mizani itakutajia na maji yaliyomo ndani. Ndiyo maana Ebo alikuwa akikitundika kipande chini ya kiyoyozi tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili, mlango umefungwa, ndipo akipime. Siku hizo familia ilikula jikoni.

Alipofariki, mkewe Araba alikuwa na miaka hamsini na mitano na alikuwa mwalimu wa hesabu anayeheshimiwa. Aliacha chaki, akafanya mtihani wa mawakala pamoja na vijana waliomwita bibi, akafaulu kuliko wote, akaendelea na leseni ileile kwa jina lilelile. Hakubadilisha kibao cha ofisi. Hata rangi yake hakuibadilisha.

Miaka thelathini na moja, ukijumlisha ishirini na mitano ya mume na sita ya mke, jalada la Egyir pale forodhani lilikuwa na ukurasa wa mwisho mweupe. Ukurasa huo ni wa makosa. Mawakala wengine zao zilikuwa zimejaa mpaka zimeongezewa karatasi kwa pini. Kila Januari Araba aliomba kuliona jalada lake, akisingizia kuhakiki anwani, na hakuwa akitafuta anwani. Alikuwa akienda kuuangalia ule weupe.

Basi mwaka huo, mwezi wa Juni, mvua ikinyesha siku ya tisa mfululizo, aliitwa ofisini kwa afisa mkaguzi wa nguo, Selorm Dotse, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye miwani na adabu za shuleni.

Mzigo wenyewe ulikuwa majora mia moja na arobaini ya kitambaa cha mirabaraba ya bluu na nyeupe, mali ya Madam Ghartey, fundi anayeshona sare za shule ya wasichana. Cheti cha kiwandani kilisema: pamba sitini kwa mia, poliesta arobaini. Araba alikitangaza hivyo: kitambaa cha pamba iliyochanganywa na poliesta, uzito usiozidi gramu mia mbili kwa mita ya mraba. Katika kitabu cha ushuru hizo gramu mia mbili ni mpaka. Chini yake ni kundi moja, juu yake ni lingine.

"Mama Egyir, mimi sina ugomvi na wewe," Dotse alisema. "Nina ugomvi na gramu nne. Kitambaa chako kina mia mbili na nne."

"Umekipimia wapi?"

"Ghalani."

"Ghala lile ambalo wiki iliyopita nimepita ndani yake juu ya mbao, nimeshika viatu mkononi?"

"Mizani ni mpya, Mama."

"Sijakuuliza mizani. Nimekuuliza maji."

Dotse alivua miwani, akaifuta kwa shati. Alimwonyesha karatasi. Pale pa sababu palikuwa pameandikwa maneno matatu: maelezo ya uongo. Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi.

"Tofauti ya ushuru ni ndogo, haitamfilisi mtu," alisema. "Tia sahihi kwamba unakubali, lipa, kesho mzigo unatoka. Ni mstari mmoja tu kwenye jalada. Wakala gani hana?"

"Mimi."

"Ndiyo, wewe. Lakini ukikataa, lazima kipimwe upya maabara, na leo ni Alhamisi, na huko kuna foleni."

"Weka jina langu kwenye foleni," Araba alisema, akachukua mwavuli wake.

Jioni hiyohiyo alikaa mezani akaandika barua ya kurasa mbili, nakala kwa mkuu wa forodha wa mkoa. Aliandika kuhusu unyevu, kuhusu ghala, kuhusu miaka thelathini na moja. Alipofika mwisho aliweka sentensi ambayo ilimpendeza kuliko zote, akaisoma kwa sauti: "Kitambaa hiki nimekikagua mimi mwenyewe, uzi kwa uzi."

"Hapo umewamaliza," alisema Kwamena.

Kwamena Egyir ni mdogo wake Ebo, mstaafu wa reli, mtu wa miaka sitini na minane ambaye hupitia kwa shemeji yake kila asubuhi kunywa uji wa mahindi na mara nyingi hujisahau mpaka jioni. Alisifu barua, kisha akatoa ushauri wa kinyume chake.

"Sasa umeshaandika, roho imetulia. Ichane, ukatie sahihi ile karatasi."

"Nikubali kwamba nimesema uongo?"

"Ukubali gramu nne. Hela yenyewe si kitu."

"Si hela, shemeji."

"Najua si hela. Ingekuwa hela ningekuambia ukatae." Akasogeza kiti. "Tena jina hilo ni langu. Lilikuwa langu kabla halijawa lako."

"Basi kesho nikuletee karatasi uitie wewe hiyo sahihi. Kwa jina lako. Maelezo ya uongo."

Kwamena alilitazama bakuli lake kana kwamba ndani yake kuna kitu kimeanguka. Barua ikaenda.

Majibu yalikuja Jumatatu. Kitambaa kingepimwa upya Alhamisi saa nne, baada ya kukaa kwenye chumba kikavu cha maabara siku nzima, kama kanuni inavyotaka. Araba alipaswa kufurahi. Lakini tangu Jumatatu hiyo simu yake haikupumzika, na mpigaji alikuwa mmoja.

"Anti Araba, nina vyerehani kumi na viwili hapa vimekaa kama wazee kanisani," Madam Ghartey alisema. "Wasichana mia nne. Septemba wanaingia darasani na nini, na kanga za mama zao?"

"Alhamisi, Madam Ghartey."

"Wiki iliyopita pia ulikuwa na Alhamisi."

"Hii ni Alhamisi nyingine."

"Mwenzako wa pale karibu na kituo, yeye hutoa mzigo kwa siku tatu. Hajui kuandika barua, lakini mzigo unatoka."

Araba alikata simu kwa upole, jambo linalochukua nguvu zaidi kuliko kuikata kwa hasira. Kisha akatoa nusu mita ya kitambaa aliyokata mwenyewe siku ile ile Dotse aliyokata yake, ambayo tangu hapo ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili isipoteze wala kuongeza kitu. Hakuwa mtu wa kwenda Alhamisi akiwa hajui jibu. Jumanne asubuhi alikitundika kipande chini ya kiyoyozi, akafunga mlango, akaingia jikoni.

Kwamena alikuja, akasimama ukumbini akiinua ukosi wa shati.

"Shemeji, hiki kibaridi kinachopita chini ya mlango ni cha nani?"

"Cha kitambaa."

"Kitambaa hakitoki jasho. Mimi ninatoka."

"Ndiyo maana huingii humo. Jasho lako lote litanywewa na pamba. Uji uko mezani."

Jumatano asubuhi alifungua mlango. Alikata miraba mitatu, kila mmoja sentimita kumi kwa kumi, mmoja kutoka katikati na miwili kutoka pembeni, akaiweka mmoja mmoja kwenye mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu, ambayo Ebo aliirithi kwa mjomba wake aliyekuwa akifanya biashara hiyo mjini Tarkwa, ingawa baadaye alinunua ya umeme inayolingana nayo kwa usahihi tu, si kwa uzuri. Wa kwanza: gramu moja nukta tisa tisa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Zidisha kwa mia: gramu mia moja tisini na tisa. Chini ya mpaka.

"Ngapi?" Kwamena aliuliza kutoka mlangoni.

"Mia tisini na tisa."

"Umeshinda."

 Araba alichukua bahasha ya zamani, akageuza nyuma yake, akaanza kuandika namba.

"Shemeji, nimesema umeshinda."

"Inapaswa kuwa mia tisini na sita."

"Nani kasema?"

"Pamba imesema. Kitambaa chenye pamba sita katika kumi, kikitoka kwenye ghala lililoloa namna ile, kinatakiwa kipoteze gramu saba, hata nane. Hiki kimepoteza tano."

"Mpira ukiisha bao moja kwa bila, hakuna anayerudi uwanjani kuuliza kwa nini hayakuwa manne."

Lakini Araba alikuwa ameshasimama. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba jibu sahihi lililopatikana kwa njia isiyoeleweka halipewi alama, na sasa namba ile ilikuwa imemkalia kooni kama mwiba wa samaki. Kitambaa hakikunywa maji kama pamba inavyokunywa. Kitu gani katika kitambaa hakinywi maji? Poliesta.

Alileta kiberiti na kisahani cheupe. Kila wakala wa nguo ana namna yake ya kuchoma uzi, na namna ya nyumba hii ilikuwa ya Ebo: uzi mmoja, urefu wa kidole, unashikwa kwa kibano juu ya kisahani. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hukimbia moto, hujikunyata, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu ambayo huwezi kuivunja kwa kucha. Zikiwa zimechanganywa kwenye uzi mmoja, unapata majivu yenye changarawe ndani yake.

Siku ya kwanza, kabla ya kutangaza mzigo, Araba alichoma nyuzi tatu. Aliikumbuka siku hiyo vizuri. Madam Ghartey alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, akisema teksi inamsubiri. Nyuzi zilizokuwa zimechomoza zilikuwa za mtande, zile ziendazo urefu wa jora, naye alichomoa hizo. Zilitoa majivu yenye changarawe kidogo, sawasawa na cheti kinavyosema. Akaridhika.

Sasa alichomoa uzi wa mshindio, ule unaokatiza upana. Aliuwasha. Uzi ulijikunyata kuelekea kwenye vidole vyake kama mdudu, moshi mweusi ukapanda, na kwenye kisahani likaanguka tone jeusi. Alisubiri lipoe. Akalikandamiza kwa ukucha. Akalikandamiza kwa kijiko. Halikuvunjika.

Akachoma wa pili, na wa tatu, na wa nne, ingawa wa pili ulitosha.

Upande mmoja wa kitambaa ulikuwa mchanganyiko kama cheti kilivyosema. Upande wa pili ulikuwa poliesta tupu. Kiwanda kilikuwa kimeandika ukweli wa nusu ya kitambaa. Na ukijumlisha pande zote mbili, poliesta ndiyo iliyozidi, na kitabu cha ushuru kinamfuata aliyezidi: hiki hakikuwa kitambaa cha pamba chenye poliesta, kilikuwa cha poliesta chenye pamba, sura nyingine kabisa, kurasa nyingi mbele. Gramu mia mbili zilizowagombanisha watu wiki nzima hazikuwa hata na kazi katika sura hiyo.

Araba alikaa. Macho yake yalikuwa kwenye kisahani, na ndipo lilipomjia jambo ambalo lilimkasirisha kuliko Dotse, kuliko mvua, kuliko kiwanda. Ebo alikuwa na visahani viwili. Miaka yote viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia. Yeye alikuwa akivikuta jioni vimekaa pamoja, akiviosha, akidhani ni unadhifu wa mume wake. Kimoja kilivunjika wiki ya msiba, jikoni, watu wakiosha vyombo. Hakununua kingine. Kwa nini anunue, na uzi unachomwa mmoja mmoja?

Kilikuwa kisahani cha mtande na kisahani cha mshindio.

"Ungesema tu," aliiambia picha ya Ebo ukutani. "Sentensi moja. Mwanamume aliyekuwa akinieleza mpaka namna ya kukunja gazeti."

Kwamena aliinama juu ya kisahani, akanusa, akarudi nyuma.

"Sasa hii maana yake nini?"

"Maana yake tangazo langu halikuwa sahihi."

"Kwa uzito?"

"Kwa kila kitu isipokuwa uzito."

Mzee wa reli alifikiri. Hakuwa mjinga, alikuwa tu amechoka kuliko alivyoonyesha. "Kesho wanapima nini?"

"Uzito."

"Basi. Ukiulizwa saa ngapi, hutaji umri wako. Wamekuuliza gramu, gramu ziko mahali pake. Yule kijana atafuta maneno yake, ukurasa utabaki mweupe, Ghartey atapata vitambaa vyake. Nani kaulizia nyuzi?"

"Mimi ndiye niliyeandika. Uzi kwa uzi."

"Uliandika mengi. Uliandika pia kwamba serikali imnunulie bwana Dotse mwavuli."

"Hiyo niliifuta."

"Na hii ifute."

"Imeshafika mkoani, Kwamena. Ina sahihi. Wewe ulinisikiliza nikiisoma ukasema nimewamaliza."

Araba hakuendelea kubishana naye. Saa sita mchana alikuwa ameshaandika sahihisho la tangazo: kundi jipya, sababu, jina, sahihi. Alilitia kwenye bahasha, akabandika kwa utepe nyuzi mbili zilizobaki, mmoja wa kila upande. Mwandiko wake ulikuwa safi kama wa ubaoni. Hakuhisi wema wowote. Alihisi kama mtu aliyefua shuka nyeupe, akaianika, halafu yeye mwenyewe akaikanyaga.

Alhamisi saa nne alikuwa maabara, amevaa gauni la kitambaa cheusi chenye maua meupe, lile la vikao. Mkoba ulikuwa magotini, bahasha ndani ya mkoba. Dotse aliingia na kipande kilichokaa mahali pakavu tangu jana. Alikata mraba mbele yake. Akaweka kwenye mizani.

Hapo ndipo palipokuwa pa kuitoa bahasha. Araba alilijua hilo, mkono wake ulikuwa juu ya zipu. Lakini mbele ya macho yake aliyaona yale maneno matatu, maelezo ya uongo, kwa mwandiko wa kijana huyu, juu ya jina la mume wake. Alitaka kwanza yafutwe. Alitaka kuyasikia yakifutwa. Mkono ukabaki juu ya zipu.

Mizani ikasoma moja nukta tisa tisa.

Dotse alipima mara ya pili. Kisha, lazima tumpe haki yake, hakuzungukazunguka. Alivuta karatasi, akakata maneno yake kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, akagonga muhuri.

"Soma," Araba alisema.

"Tuhuma imefutwa. Uzito uko ndani ya tangazo. Uchunguzi umefungwa." Alitabasamu kidogo. "Mama Egyir, ghala lilikuwa limeloa. Nilikosea. Samahani."

Araba alikaa na maneno hayo kwa muda wa kumaliza glasi ya maji. Yalikuwa matamu. Kisha akafungua mkoba, akaiweka bahasha juu ya meza.

Dotse alisoma. Alizitazama nyuzi mbili chini ya utepe, akageuza ukurasa kuona kama kuna zaidi. Akavua miwani.

"Hii umeiandika lini?"

"Jana. Saa sita mchana."

"Na nilipokuwa napima, ilikuwa hapo mkobani?"

"Ilikuwa hapo."

"Mama." Aliongea taratibu, kama mtu anayemwamsha mwingine. "Ungeniwekea hii kabla sijagonga muhuri, ingekuwa sahihisho. Mtu amejisahihisha, tunabadilisha kundi, hakuna anayeandika kitu. Sasa nimeshafunga. Nikifungua uchunguzi uliofungwa, fomu inataka sababu. Na sababu inaingia ukurasa wa mwisho."

Araba aliijua kanuni hiyo. Aliijua kwa namba, aliijibu kwenye mtihani. Na katika dakika zile kumi haikumpitia kichwani hata mara moja.

"Andika," alisema.

"Niandike nini? Uongo siwezi kuandika. Hukudanganya."

"Andika kosa."

"La nani?"

"La Araba Egyir."

"Leseni ni Egyir peke yake."

"Leseni haikuchoma uzi. Aliyechoma ni mimi. Mwenye leseni alikuwa akichoma pande zote mbili."

"Fomu haina nafasi ya jina, Mama. Ina namba ya leseni tu." Aligeuza fomu ili aone mwenyewe. Ilikuwa kweli, kisanduku kilikuwa kimoja, chembamba.

Dotse aliandika: Wakala alikagua nyuzi za upande mmoja, amekiri mwenyewe. Araba aliisoma akiwa amekaa upande wa pili wa meza, juu chini, na kwa mazoea ya miaka mingi akamwambia kwamba kukiri kutangulie. Dotse alichukua fomu nyingine bila kulalamika. Wakala amekiri mwenyewe kwamba alikagua nyuzi za upande mmoja. Ilichukua mstari mmoja na nusu. Mwandiko wa kijana ulikuwa mbaya, herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua, na Araba aliona kwamba hata hilo lingebaki humo miaka yote.

"Nyuzi zitaenda maabara kuu," Dotse alisema. "Siku tisa, labda kumi na mbili." Akakusanya karatasi zake, akasita. "Nilikuwa nimeshindwa vizuri, Mama. Ungeniacha tu nishindwe."

Araba alifunga mkoba, akatoka.

Nyumbani alimkuta Kwamena jikoni anamenya majani yaliyofungia kenke, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, samaki wa kukaanga pembeni. Mzee alimtazama usoni, akamsogezea pilipili. Simu ikalia. Araba aliacha iite mara sita.

"Alhamisi imefika," Madam Ghartey alisema.

Araba alimweleza yote. Hakupunguza kitu: siku tisa, labda kumi na mbili, kiwanda kilichouza poliesta kwa jina la pamba, nyuzi za upande mmoja. Alisubiri kelele. Zilikuja, lakini si nyingi kama alivyotarajia, na zilipokwisha Madam Ghartey alisema jambo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya vifungo.

"Mimi si nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si pamba ile. Walinitumia kipande kabla ya mzigo. Nilikipiga pasi ya moto kama ya pamba, kikajikunja chote upande mmoja, upande mwingine kikabaki. Nikasema, haya, hiki ni cha ajabu, hiki nitakipiga pasi ya baridi."

Araba alishika ukingo wa meza. "Upande upi?"

"Wa upana. Ukikivuta hivi. Kilijikunja kama utando wa maziwa."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie mimi? Wewe ndiye msomi, Anti Araba. Una mizani, una kitabu kinene kama Biblia, una kiyoyozi cha nguo. Nilijua umeshaona. Tena siku ile nilisimama pale mlangoni ukichoma vinyuzi vyako, nikasema moyoni, haya, sasa ameona."

 Nje mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati ya jirani. Kwamena aliacha kumenya.

Araba Egyir, aliyefaulu kuliko wote, alitafuta mahali pa kuielekeza hasira yake na hakupaona. Kiwanda kilikuwa mbali. Ebo alikuwa mbali zaidi. Fundi huyu mwenye vyerehani kumi na viwili alikuwa hapa, na alikuwa amesema kweli.

"Madam Ghartey," alisema mwishoni, "Jumatatu napokea sampuli ya mzigo wa mtu mwingine. Ukipata nafasi, pita nyumbani asubuhi."

"Kufanya nini?"

"Njoo na pasi yako."

"Pasi? Kwako hamna pasi?"

"Ninayo. Njoo na yako."

Alikata simu. Kisha akafungua kabati la vyombo na kuanza kupekua nyuma ya mabakuli, akitafuta kisahani cha pili, chochote kile, hata kama hakifanani na cha kwanza.